Karatasi ya Zamu

Jumanne, 4 Februari

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Umekula? Kama hujala weka barua chini ule kwanza, barua haipoi. Wewe tangu mdogo ukipata cha kusoma unasahau sahani.

Usishtuke kwamba sijapiga simu. Simu ninayo na salio lipo. Lakini nyumba yetu unaijua, mimi na bibi yako tumetengwa na ukuta wa mbao, na kile kiharusi kilichukua upande wa kulia na maneno yote, masikio hakikuyagusa. Anasikia hata nikimenya kitunguu. Ninayotaka kukuambia sitaki ayasikie, basi nimeshika kalamu. Ni mwandiko wa darasa la nne, uuvumilie.

Kila Jumatano naenda zahanati kuchukua bandeji na nepi za bibi yako. Tunakaa benchi refu, walewale kila wiki. Yupo mama mmoja tunamwita Fundi kwa sababu ya ushonaji wake, ana kijana wa miaka ishirini na mbili asiyetembea tangu azaliwe, mpaka leo anambeba mgongoni. Wiki tatu zilizopita Fundi akauliza, hivi sisi wa benchi hili tunaitwaje? Mmoja akasema tunaitwa wake za wagonjwa. Mzee wa Baiskeli, ambaye anamuuguza mkewe, akauliza, sasa mimi ni mke wa nani? Tulicheka mpaka daktari akachungulia.

Kumbe Fundi hakuwa anatania. Anataka tufanye umoja, tuiombe halmashauri itulipe ujira kwa kazi ya kuuguza nyumbani, itupe siku ya kupumzika, na itutibu migongo. Tumefika thelathini na mmoja. Mkutano wa kwanza aliuita saa nne asubuhi, na saa nne kila mmoja wetu anamgeuza mtu wake kitandani. Basi mkutano ukawa kama foleni ya maji, mmoja anakuja mwingine anakwenda, Fundi akarudia hotuba mara saba.

Tumejaza fomu. Jina, umri, halafu pana mstari umeandikwa "Kazi". Mimi nimeandika sina kazi, nipo nyumbani. Sasa wewe uliye ofisini nakuuliza, maana kuuliza si ujinga: mtu anayedai mshahara huandika nini pale? Moyo wangu unasita. Tangu nizaliwe sijaona mtu akilipwa kwa kumlisha mama mkwe.

Kisigino cha kulia cha bibi yako kimeanza wekundu. Nimepaka mafuta.

Mama yako,
nipo tu.


Ijumaa, 14 Februari

Mama yangu,

Nimekula, nimesoma, nimecheka na Mzee wa Baiskeli. Mpe salamu zake.

Kisigino usikipake mafuta tu wala usikisugue. Chukua mto mwembamba, uweke chini ya shavu la mguu, kisigino kibaki kinaelea bila kugusa godoro. Kila ukimgeuza angalia hapo kwanza, halafu nyonga, halafu mkia wa mgongo. Unapomgeuza usimvute mkono uliopooza. Mkunje goti, weka mkono mmoja begani na mwingine nyongani, umzungushe kuelekea kwako. Mgongo wako utakushukuru.

Kwenye ule mstari wa kazi, Mama, ungeandika unachofanya. Labda wewe na wenzako muandike siku nzima, kuanzia asubuhi. Mtu wa halmashauri hajui kitu mpaka akione kwenye karatasi.

Huku kuzuri. Kazi ni nyingi lakini ni kazi.

Binti yako,
wa ofisini.


Jumatano, 26 Februari

Mwanangu,

Fomu zimerudi, zote thelathini na moja.

Fundi alizipeleka mwenyewe, karani wa halmashauri akazisoma moja moja mbele yake. Sina kazi. Nipo tu. Mama wa nyumbani. Mmoja aliandika napumzika, na huyo ana mume na mkwe wote wawili vitandani. Mzee wa Baiskeli kaandika fundi baiskeli mstaafu. Fundi mwenyewe, mwenye maneno yote yale, kaandika fundi cherehani, na cherehani yake ina buibui tangu mwaka juzi. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba anauguza. Karani akasema, "Hapa naona watu thelathini na mmoja wasio na kazi. Wasio na kazi wana dirisha lao, ghorofa ya chini."

Fundi hakuondoka. Alikaa pale mpaka akapewa siku: Alhamisi tarehe 10 Aprili, mbele ya kamati, tusimame dakika kumi na tulete uthibitisho kwamba ni kazi. Na amenichagua mimi niseme. Nikamwambia mimi nikiona meza ndefu maneno yananikimbia. Akasema ndiyo maana, wewe huna maneno ya kuazima.

Wengi wetu kuandika ni shida, kwa hiyo Fundi ametugawia vifungo vya nguo, kila mtu mfuko na mkebe mtupu. Ukiinuka kumhudumia mtu wako, unatia kifungo kimoja mkebeni. Jioni tunahesabu. Mimi nimesema hata kumi sitafika.

Nimeandika na siku yangu kama ulivyosema. Hii hapa: Asubuhi nimeamka, nimefagia. Mchana nimepika. Jioni nimefua, nimelala.

Kisigino kimepona, mwanangu. Siku nne tu. Nesi wa zahanati ameshangaa akauliza nani kanifundisha kuinua mguu hivyo, nikasema binti yangu. Akauliza binti yako ni nesi? Nikasema hapana, ni karani wa kampuni. Hata mimi nikabaki najiuliza. Huko ofisini mnafundishwa visigino?

Mama yako.


Jumamosi, 8 Machi

Mama,

Siku yako nimeisoma mara tatu na bibi simwoni ndani. Hakuamka yeye? Nani alimwosha uso, nani alimkalisha kwa mito mitatu ili asipaliwe? Uji aliunywa mwenyewe au kijiko kwa kijiko, nusu saa nzima, huku ukimpapasa koo ameze? Lile shuka ulilofua jioni lilijichafua lenyewe? Na yule aliyekuwa akimgeuza kila baada ya saa mbili kuepusha vidonda, alikuwa mgeni?

Sikugombezi. Naona tu kwamba umeandika yote isipokuwa kazi. Hata mzee wa namba sita, ambaye hujifanya amelala ili asioge, nikiandika siku yake inajaa kurasa mbili.

Visigino nilisoma mahali.

Endelea na vifungo. Nina hamu ya kujua idadi. Mimi nakisia arobaini.

Binti yako.


Jumatatu, 17 Machi

Mwanangu,

Umeshindwa, na mimi nimeshindwa. Ni hamsini na tatu. Nilirudia kuvihesabu nikidhani nimetia viwili viwili. Siku ya pili hamsini na kimoja, ya tatu hamsini na sita kwa sababu tumbo lilimsumbua. Nilikaa nikiuangalia ule mkebe kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mgongo wake mwenyewe. Miaka sita nainuka hivyo na sikujua.

Lakini nimemwambia Fundi atafute mtu mwingine wa kusema. Mimi nimeacha. Nikueleze kwa nini.

Baba yako mdogo alikuja Ijumaa, na gazeti lake kwapani. Alikaa kwenye kiti cha marehemu baba yako, akaona mkebe, akauliza. Mimi sijui kudanganya, nikamwambia. Akasimama mlangoni kwa mama yake, akasema kwa sauti, "Kwa hiyo shemeji, kila ukimpa mama yetu maji unamtilia kifungo? Utamuuza kwa kilo au kwa kifungo?" Nikamjibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akasema kitanda ni cha mama yake. Akaondoka.

Mwanangu, ninakuandikia barua ili bibi yako asisikie. Nimenong'ona na Fundi uani, nimeficha fomu chini ya godoro. Na wakati wote huo, kila nikimhudumia, natia kifungo mkebeni kando ya kitanda chake, na mkebe ni wa bati. Tik. Maji, tik. Nepi, tik. Hamsini na tatu kwa siku, wiki tatu. Alikuwa anasikia na hajui ni nini. Baba yako mdogo akamwambia ni nini.

Jioni ile alikataa uji. Aligeuza uso ukutani, na kwa upande ule kujigeuza ni kazi kubwa kwake, alijitahidi. Siku mbili anakunywa maji tu. Nimetia kitambaa ndani ya mkebe ili vifungo visilie, halafu nikaona hata hicho ni wizi, nikaacha kabisa kuvitia.

Mimi si mwanawe. Nilikuja nyumba hii na sanduku moja, akanifundisha kupanga jiko. Akidhani nimemhesabu kama mzigo wa gari, nitakaa naye vipi nyumba moja? Ujira ule hata ukija nitaula kwa uso gani?

Halafu nina swali. Namba sita ni nini? Ni nani huyo mzee asiyetaka kuoga, na kuoga kwake kunakuhusu nini wewe?

Mama yako.


Jumanne, 25 Machi

Mama, keti kwanza.

Siko ofisini. Ile kampuni ilinichukua miezi mitatu ikafunga milango. Tangu mwaka juzi nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nawaosha, nawalisha, nawageuza. Mzee wa chumba namba sita alikuwa mpiga chapa, kidole chake cha shahada kina wino usiotoka, na akiniona na beseni anakoroma kwa makusudi. Visigino sikuvisoma popote. Ni kazi yangu.

Sikukuambia kwa sababu ya siku ile nilipoondoka, kwenye kituo cha basi. Ulinitengeneza kola ukasema, "Nenda, angalau wewe hutashika uchafu wa watu." Nikashindwa kukuandikia kwamba ndio ninaoushika. Kadiri muda ulivyopita uongo ukawa na miguu yake.

Lakini kilichoniuma zaidi ya uongo ni hiki. Mimi nina sare ya bluu. Nina nusu saa ya kula, na mtu ananipokea ndipo niondoke. Nikiumia mgongo kuna fomu. Mzee mmoja anapitiwa na zamu tatu kwa siku, asubuhi, jioni na usiku. Yaani, Mama, wewe ni watu watatu. Nalipwa kumgeuza mtu nisiyemjua, na wewe unamgeuza bibi yangu bure, na uliponiuliza niandike nini kwenye ule mstari wa kazi, jibu nilikuwa nimelivaa mwilini nikakaa kimya.

Humu ndani nimekuwekea karatasi ya zamu. Ya kazini hairuhusiwi kutoka, hii nimeichora kwa rula kama ilivyo. Upande huu saa, upande huu kilichofanyika: kugeuza, kulisha, kuosha, dawa, choo, mazoezi ya mkono. Unatia alama tu, huhitaji maneno. Chini kabisa pana nafasi ya sahihi ya msimamizi wa zamu. Hiyo iache wazi kama huna msimamizi.

Na jambo la mwisho. Siku ya kwanza kazini, kabla hata ya kushika beseni, tulifundishwa kitu kimoja: usimguse mtu kabla hujamwomba. Hata asiyeweza kujibu. Unasema, naomba nikugeuze, halafu unasubiri kidogo. Wewe unanong'ona uani, mimi naandika, baba mdogo anafoka mlangoni. Tuko watatu tunamjadili mtu ambaye yumo chumbani na masikio yake. Kuna aliyemuuliza? Bibi alikuwa dobi, Mama. Miaka thelathini alifua mashati ya watu, na baba alikuwa akisema hakuwahi kufua hata moja bure, hata la babu kabla hawajaoana. Kati yetu nani anaijua kazi ya mikono kuliko yeye?

Usinichukie. Au nichukie kidogo, halafu uache.

Binti yako,
mhudumu wa wazee, zamu ya asubuhi.


Jumamosi, 5 Aprili

Mama,

Siku kumi na moja sijapata hata mstari. Nimepiga simu mara mbili, umesema bibi hajambo na umeweka sufuria motoni, halafu ukakata. Najua ukuta ni wa mbao lakini neno moja lingepita.

Bibi anakula? Utaenda Alhamisi? Mzee wa namba sita ameniona nimenuna, ameoga leo bila kukoroma. Hapo ndipo hali ilipofikia.

Binti yako.


Ijumaa, 11 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Umekula? Kula, hii ni ndefu.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Nilikasirika siku moja, siku ya pili nikawa nacheka peke yangu jikoni, siku ya tatu nikawa na maswali mengi. Huyo mpiga chapa ana watoto? Wanakuja? Sare yako unaifua mwenyewe? Na hiyo nusu saa ya kula, unakula kweli au unasoma? Sufuria nilikuwa sijaweka motoni. Nilikata simu kwa sababu nilitaka kukujibu kwa mkono, na mkono ulikuwa haujajua useme nini.

Lile neno la kituoni nililisema mimi, lakini nililisema nikiwa nimechoka. Nimelifikiria tena. Uchafu wa watu nimeushika miaka sita na sijauona kama uchafu, namwona bibi yako tu. Sasa mtoto wangu akiushika ndio uwe aibu? Nisamehe. Tumeficha wote wawili kitu kimoja, wewe kule mimi huku.

Sasa habari ya bibi yako. Nilikaa na karatasi yako mfukoni siku tatu. Jumamosi ile ya mwisho wa Machi nilimaliza kumwosha, nikavuta kigoda upande wa mkono wake mzima, nikasema, "Mama, naomba nikuulize." Nikasubiri kama ulivyoandika. Miaka sita sikuwahi kumwomba kitu, nilikuwa nafanya tu. Akageuka akaniangalia.

Nikamwambia yote. Benchi, fomu, vifungo. Nikamwambia, "Sikuhesabu wewe. Nilikuwa nahesabu mgongo wangu. Mimi na wenzangu tunataka kazi hii iitwe kazi, na tulipwe. Ukisema hapana naacha leo, na uji wako utakuja vilevile."

Nilimwonyesha na mkebe, na vifungo nikavimwaga kwenye godoro, ili aone hakuna la kufichwa. Akaunyoosha ule mkono wa kushoto, polepole, akauingiza mkebeni. Nikadhani anataka kuumwaga. Akavuta kile kitambaa nilichoweka ili vifungo visilie. Akakitupa chini. Halafu akachukua kifungo kimoja kwenye godoro, kile kikubwa cha koti, akakiinua juu ya mkebe akaniangalia usoni, akakiachia. Tik.

Nililia, naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Halafu akafungua mdomo kama ndege. Alikuwa na njaa, maana wiki mbili alikuwa akikubali vijiko viwili vitatu tu.

Tangu siku hiyo vifungo ni vyake. Mimi sigusi. Nikimgeuza, anatia. Nikimpa maji, anatia. Juzi nilimrekebishia mto nikaondoka, akagonga mkebe mpaka nikarudi, akatia kifungo mbele yangu ndipo akaniruhusu niende. Sijawahi kuona msimamizi mkali namna hiyo. Unajua kumbe ndivyo alivyokuwa na wateja wake? Nimekaa naye nyumba moja zaidi ya miaka ishirini, ndio kwanza namwona dobi.

Kwa hiyo karatasi yako niliijaza, na ile nafasi ya chini sikuiacha wazi. Nilimpaka wino wa kalamu kwenye kidole gumba, akakikandamiza mwenyewe.

Kwenda halmashauri nilihitaji mtu wa kukaa naye, na wenzangu wote walikuwa wanakwenda au wanashikilia wagonjwa wa waliokwenda. Nikampigia baba yako mdogo. Nikamwambia, shemeji, asubuhi moja tu, na ni mama yako. Alikuja na gazeti. Nikamwachia karatasi tupu na penseli, nikamwonyesha mahali pa kutia alama.

Kamati ni watu watano, meza yao ina kioo, unaona miguu yao. Tuliingia kumi na wanne, kila mtu na mkebe wake, na Fundi akasema tumwage vyote pamoja mezani, vifungo vya siku moja. Vingine vilidondoka vikaviringika mpaka kwenye viatu vya mwenyekiti. Cha mwisho kikasimama. Mzee wa Baiskeli akaniambia kwa sauti ya chini, sema sasa, kabla hawajainama kuviokota.

Nilisoma siku yangu. Safari hii bibi yako alikuwemo ndani, kuanzia kunawa uso mpaka kugeuzwa kwa usiku. Mjumbe mmoja wa kando akauliza, mkilipwa, upendo wa familia utakwenda wapi? Fundi akamuuliza, "Mheshimiwa, wewe unalipwa. Wananchi umeacha kuwapenda?" Watu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka, akaandika kitu.

Kisha yule karani wa fomu, aliyekaa pembeni, akaichukua karatasi yako akaiinua. Akasema karatasi nzuri, lakini yeyote anaweza kutia alama nyumbani kwake. Akauliza, "Hapa chini kidole hiki ni cha nani? Nani amethibitisha kwamba haya yamefanyika?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, kwa hilo sikujiandaa. Nikasema, "Mwenye mwili."

Mwenyekiti, mama mwenye miwani, akamwomba karani ampe ile karatasi. Akaniuliza, ni mama yako? Nikasema ni mama wa mume wangu, na mume wangu ni marehemu. Akaniuliza nani yuko naye sasa hivi. Nikasema mwanawe, na ni mara ya kwanza. Akatazama saa yake kana kwamba mgonjwa ni wake.

Sitakudanganya, hatujapewa chochote. Wamesema watatuma watu wapite nyumba kumi kabla ya kikao cha bajeti, na yetu imo. Wamesema tujaze fomu upya na safari hii karani atazipokea. Fundi anasema hapo ndipo vita vinapoanza. Mimi naona angalau tumehama kutoka lile dirisha la ghorofa ya chini.

Niliporudi baba yako mdogo alikuwa ameketi kitandani kwa mama yake, shati limetoka nje, gazeti halijafunguliwa. Karatasi yake ninayo. Saa tatu ametia alama nzuri. Saa nne ameandika: nimegeuza, nimeshindwa, nimeita jirani. Saa tano: uji, umemwagika, nimebadili shuka, sijui linavyokunjwa. Baada ya hapo hakuna kitu, isipokuwa vifungo mkebeni. Bibi yako alimtilia kumi na saba. Yeye akaniuliza, shemeji, unamwinua vipi peke yako? Nikamwonyesha, goti kwanza, bega na nyonga, kama ulivyonifundisha. Alijaribu mara mbili. Ya pili aliweza. Hakusema pole wala samahani, wanaume wa ukoo huu unawajua. Amesema atakuja Jumapili, na wala hakutaja gazeti.

Fomu mpya ninayo hapa. Kwenye mstari wa kazi nimeandika: namuuguza mama mkwe wangu. Mstari ni mfupi, maneno yamepanda juu ya ukingo, sikuyafuta. Na wewe ukiniandikia usiseme tena wa ofisini. Niambie mzee ameoga au hajaoga.

Nilitaka kukueleza na habari ya Fundi na ile cherehani yake, lakini mkebe unagongwa. Anagonga mara mbili, maana yake ni maji. Ingekuwa mara tatu, yaani choo, ningekimbia.

Mama yako,
niko kazini.